Nyumba mbili, waya mmoja: jinsi gridi ndogo za DC zinavyogawana mzigo

Saa mbili usiku, kipima ampea nilichobana kwenye waya wa nyumba ya kwanza kilisoma 20. Nikakitoa, nikavuka uwanja hadi nyumba ya pili, nikakibana kwenye waya wake. Sifuri.

Nyumba zote mbili zilikuwa na paneli za ukubwa mmoja, betri za aina moja na konveta (vifaa vinavyobadili volteji ya betri ifae njia kuu) zilizonunuliwa duka moja siku moja. Zilikuwa zimeunganishwa kwenye njia kuu ya volti 48, na njia hiyo ndiyo iliyoendesha friji la soda, runinga mbili za banda umiza na meza nzima ya simu za watu zinazochajiwa. Makubaliano yalikuwa nusu kwa nusu. Mzee wa nyumba ya kwanza alisubiri nimalize kupima, kisha akasema taratibu, "Fundi, betri yangu inazeeka kwa niaba ya wawili." Alisema kweli. Jirani yake naye alikuwa hana kosa, maana hakugusa kitu chochote.

Tulipopima volteji bila mzigo, konveta ya kwanza ilikuwa imewekwa 48.2 na ya pili 48.0. Tofauti ni volti 0.2, yaani chini ya nusu asilimia. Vihisi vya konveta nyingi vinakosea kiasi hicho vikiwa vizima kabisa. Hata hivyo tofauti hiyo ndogo ilitosha kumbebesha mmoja kila kitu. Ukielewa ni kwa nini, umeshaelewa zaidi ya nusu ya tatizo la kugawana mzigo katika gridi za mkondo mnyoofu, ule ambao mafundi tunauita DC.

Fikiria matangi mawili ya maji juu ya minara, yameunganishwa kwa bomba nene, na bomba la kwenda kwenye mifereji ya watu limetokea katikati. Kama maji ya tangi la kwanza yako juu kidogo kuliko ya la pili, litamwaga la kwanza. La pili litakaa kimya mpaka kina cha la kwanza kishuke. Tena watu wakifunga mifereji, la kwanza litaanza kumimina ndani ya la pili. Volteji ni kina cha maji, na ampea ni maji yanayopita.

Sasa tuweke hesabu za nyumba zetu. Nyaya za kutoka kwenye konveta hadi njia kuu zilikuwa fupi na nene, kila mmoja una ukinzani, yaani kiasi unachozuia umeme kupita, wa kama omu 0.01. Mzigo ulikuwa ampea 20. Ampea 20 zikipita kwenye omu 0.01 zinapoteza volti 0.2, kwa hiyo upande wa kwanza unashuka kutoka 48.2 hadi 48.0 pale kwenye njia kuu. Konveta ya pili inatazama njia kuu na kuona volti 48.0, sawasawa na zile ilizoambiwa izilinde. Kwa macho yake hakuna upungufu, basi haitoi kitu. Mzigo ukishuka hadi ampea 10, hali inakuwa mbaya zaidi: nyumba ya kwanza inatoa 15, kumi zinaenda kwenye mzigo na tano zinaingia kwenye betri ya jirani, kama konveta yake inaruhusu umeme kurudi nyuma. Hakuna aliyeomba umeme huo. Ni mzunguko usio na faida, na kila unapozunguka unapoteza kidogo kama joto.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba nyaya mbaya zingewasaidia. Kama kila waya ungekuwa na omu 0.1 badala ya 0.01, mgawanyo ungekuwa ampea 11 kwa 9. Ukinzani wa waya unamfanya anayetoa zaidi ashuke zaidi, na kushuka kwake kunampa mwenzake nafasi ya kuingia. Shikilia wazo hilo, kwa sababu dawa yote imejengwa juu yake.

Tatizo hili ni la zamani kama umeme wa kuuza wenyewe. Thomas Edison alipofungua kituo chake cha Pearl Street jijini New York, Septemba 4, 1882, alikuwa anauza DC ya volti 110 hivi. Majenereta yake, yaliyoitwa Jumbo, yalikuwa na uzito wa takriban tani 27 kila moja, na kila moja liliendeshwa na injini yake ya mvuke. Mwaka huohuo walipojaribu kuunganisha mawili yabebe mzigo pamoja, injini zikaanza kupigana. Moja ilipanda kasi na kulichukua jenereta la mwenzake kama mota ya kusukumwa, kisha zikabadilishana zamu, juu chini, juu chini, jengo likitetemeka. Vidhibiti mwendo vya injini hizo vilikuwa vinasahihisha kila badiliko kwa ukali, kila kimoja bila kujua kuwa mwenzake yupo. Suluhisho la kwanza lilikuwa kuviunganisha vidhibiti hivyo kwa shafti ili visiweze kutofautiana. Baadaye injini zenyewe zikabadilishwa. Hizi ndizo njia mbili ambazo mpaka leo wahandisi wanachagua kati yake: kuwaunganisha wabebaji ili wasemezane, au kuwafundisha tabia ambayo haihitaji mazungumzo.

Huenda unajiuliza mbona gridi ya Taifa haina ugomvi huu. Kidatu, Mtera na Bwawa la Julius Nyerere yanabeba mzigo mmoja na yako mbali sana. Jibu ni kwamba gridi hiyo ni ya mkondo geu, AC, na AC ina kitu ambacho DC haina, yaani masafa. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, na zikishatulia, mashine zote zilizounganishwa zinapiga kwa mwendo mmoja, Mbeya sawa na Tanga. Mzigo ukizidi, mwendo unalegea kidogo, na kulegea huko kunaonekana kila kituo kwa kipimo kilekile. Ni kama ngoma moja inayosikika kijiji kizima. Kila mtambo umefundishwa kwamba ngoma ikipunguza kasi kwa kiasi fulani, uongeze nguvu kwa kiasi fulani. Bila simu, mzigo unagawanyika kwa haki.

DC haina ngoma. Ina volteji peke yake, na volteji haifanani mahali pote, kwa sababu waya unaipunguza njiani. Aliye karibu na mzigo anaona namba moja, aliye mbali anaona nyingine, na wote wawili wanasema kweli. Kwa hiyo katika DC ujumbe unapita kwenye njia inayoubadilisha ujumbe. Ugumu wote unaofuata unatoka hapo.

Tuje kwenye dawa ya kwanza. Konveta za siku hizi zinaongozwa na programu, na programu inaweza kuigiza ukinzani usiokuwepo. Unaiambia: lenga volti 48, lakini kwa kila ampea unayotoa, jishushe volti 0.2. Tuite tabia hii mteremko, kwa sababu ukiichora kwenye karatasi, ampea zikienda kulia na volteji ikienda juu, unapata mstari unaoteremka. Hakuna joto linalopotea, maana ukinzani huo ni wa hesabu tu. Lakini konveta sasa ina tabia ya mtu anayelegea anapolemewa, na kulegea kwake ndiko kunakomwita mwenzake.

Turudi kwa wale majirani. Acha makosa yaleyale ya 48.2 na 48.0, acha nyaya zilezile fupi, ongeza tu mteremko wa volti 0.2 kwa ampea kila upande. Mzigo wa ampea 20 sasa unagawanyika 10.5 kwa 9.5. Hatukununua kifaa chochote. Niliingiza namba moja kwenye kila konveta, nikavuka uwanja tena na kipima ampea, na yule mzee akaja kusoma mwenyewe.

Kama nyumba moja ina konveta ya kilowati 1 na nyingine ya nusu kilowati, hawafai kubeba sawa. Hapo mkubwa anapewa mteremko wa 0.2 na mdogo 0.4. Mwenye mteremko mkali analegea haraka, kwa hiyo anabeba kidogo, nusu ya mwenzake. Haki katika umeme ni kila mmoja kubeba kwa kadiri ya uwezo wake, na mteremko unaandika haki hiyo kwa namba.

Lakini kuna gharama. Kwenye mfano wetu njia kuu imeshuka kutoka volti 48 hadi 46. Volti 46 zinavumilika. Sasa sogeza nyumba ya pili mbali, waya wake uwe na omu 0.3, na ya kwanza ibaki na 0.01, zote zikiwa zimewekwa 48.0 kamili. Mgawanyo unakuwa 14.1 kwa 5.9. Yule wa mbali anabeba kidogo si kwa uvivu, ni kwa sababu waya umemwongezea mteremko ambao hatukumpangia. Unaweza kuongeza mteremko wa konveta mpaka waya uonekane kitu kidogo: weka volti 1 kwa ampea, mgawanyo unakaribia haki, 11.3 kwa 8.7. Ila njia kuu imeanguka hadi volti 36 na kitu, friji limezima, na hapo umegawa mzigo wa vifaa visivyowaka. Ukitaka mgawanyo sahihi unapoteza volteji, ukitaka volteji nzuri unapoteza mgawanyo. Hakuna namba moja itakayokupa vyote viwili.

Urefu wa waya unastahili hesabu yake, kwa sababu ndio unaoamua kama gridi mbili zinaweza kuunganishwa kabisa. Chukua waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, umbali wa mita 100, kwenda na kurudi 200. Ukinzani wake ni kama omu 0.57. Mzigo ni wati 240. Kwa volti 24 unahitaji ampea 10, na waya unakula karibu volti 5.7, robo ya ulichonacho. Kwa volti 48 ni ampea 5, na unapoteza volti 2.9, asilimia 6. Kwa volti 380, zinazotumika kwenye baadhi ya majengo ya kompyuta, ampea hazifiki hata moja, na upotevu ni kama thuluthi ya volti. Ndiyo maana ndani ya nyumba volti 12 au 48 zinafaa, zina hatari ndogo kwa mkono wa mtu, lakini kati ya kitongoji na kitongoji lazima upandishe. Kwa umbali mkubwa kabisa mambo ni yaleyale: umeme unaotoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, zaidi ya kilomita 1,000, unasafiri kwa DC ya volti 500,000.

Dawa ya pili inakuja juu ya ya kwanza, haiiondoi. Konveta zinapewa njia ya kusemezana, redio ndogo au waya mwembamba wa data. Kila moja inawaambia majirani zake wa karibu kitu kimoja tu: ninabeba asilimia ngapi ya uwezo wangu. Anayebeba 70 akisikia jirani yuko 30, anashusha lengo lake la volteji kidogo, na yule wa 30 anapandisha la kwake. Sekunde chache baadaye wanasemezana tena. Hakuna kompyuta ya katikati inayojua kila kitu. Habari inapita jirani kwa jirani mpaka kijiji kizima kinafikia kiwango kimoja, ilimradi kusiwe na nyumba iliyotengwa kabisa na mazungumzo. Kwa njia hiyohiyo wanakubaliana kupandisha malengo yote kwa pamoja, volteji iliyokuwa imeshuka hadi 46 irudi karibu na 48.

Napenda mpangilio huu kwa sababu moja kubwa. Redio zikikatika, mvua ikinyesha siku tatu na mtambo wa mawasiliano ukalala, kila konveta inabaki na mteremko wake. Mgawanyo unakuwa hauko sawa sana, lakini taa zinawaka. Mfumo unaotegemea mawasiliano ili uwashe taa haujatengenezwa kwa ajili ya vijiji vyetu.

Wapo waliochagua njia nyingine. Kwenye kampasi ya taasisi ya sayansi na teknolojia ya Okinawa, Japani, nyumba 19 ziliunganishwa kwa njia kuu ya DC kuanzia mwaka 2014, katika mradi wa maabara ya utafiti ya Sony. Kila nyumba ilikuwa na paneli na betri. Pale mzigo haukuachwa ugawanywe na volteji peke yake: nyumba moja ilipewa kazi ya kushikilia volteji ya njia kuu, na nyingine ziliambiwa kiasi cha ampea za kuingiza au kutoa. Programu za nyumba zilipatana zenyewe, huyu ana ziada, yule ana upungufu, tupelekeane kiasi hiki. Hesabu yake ni safi na kila wati inajulikana imetoka wapi, jambo muhimu kama umeme unauzwa. Lakini mshika volteji akianguka, lazima mwingine achukue nafasi yake upesi.

Mpaka hapa nimezungumzia nyumba kwenye njia kuu moja. Kuunganisha gridi na gridi ni hatua nyingine. Kitongoji cha zahanati kina njia kuu ya volti 48, kitongoji cha mashine ya kusaga kina ya volti 380. Huwezi kuzifunga pamoja kwa waya mtupu. Katikati inawekwa konveta ya njia mbili, inayoweza kusukuma umeme upande wowote, na swali ni nani anaiambia upande gani.

Jibu zuri ni kwamba pande zote mbili zimeshaiambia. Kama kila gridi ina mteremko, volteji yake ni taarifa ya hali yake: iko juu, mzigo ni mwepesi, iko chini, imelemewa. Konveta inachohitaji ni kuzilinganisha kwa kipimo kimoja. Tuseme gridi ya zahanati inaruhusiwa kutembea kati ya volti 46 na 50, ya mashine kati ya 360 na 400. Zahanati iko 49, maana yake asilimia 75 ya nafasi yake. Mashine imeanza kusaga, volteji imeshuka hadi 370, asilimia 25. Konveta inasukuma kutoka zahanati kwenda mashine, mpaka asilimia zikaribiane. Hakuna ujumbe wa redio uliotumwa. Waya zilezile za umeme zimebeba habari.

Hapa lazima kuwe na nafasi ya kutulia. Konveta nayo inakula asilimia kadhaa ya kinachopita, na kama inakimbilia kila tofauti ndogo itakesha inahamisha umeme huku na huku na kuumaliza njiani. Kwa hiyo inaambiwa: tofauti ikiwa chini ya, tuseme, asilimia 10, lala. Kuna sharti la pili ambalo mimi nalipa uzito zaidi. Zahanati ina friji la chanjo. Mashine isiruhusiwe kamwe kuvuta betri ya zahanati chini ya kiwango kilichowekwa, hata kama asilimia za volteji zinasema vipi. Huo si uamuzi wa programu. Unafanywa kwenye kikao cha kijiji, kisha fundi anauandika kwenye konveta.

Betri zenyewe zinaweza kuingizwa kwenye mteremko. Yenye chaji asilimia 80 inapewa mteremko wa 0.2, yenye 40 inapewa 0.4, basi iliyoshiba inabeba mara mbili ya yenye njaa. Kadiri zinavyoshuka mteremko unabadilishwa, na zote zinaelekea kwenye kiwango kimoja. Hii inarefusha maisha ya betri dhaifu, hasa za risasi na asidi, ambazo zikikamuliwa mpaka chini mara kwa mara hazidumu. Bangladesh, ambako mpango wa serikali ulisambaza zaidi ya mifumo milioni 4 ya sola za majumbani, kampuni ya SOLshare iliziunganisha baadhi ya nyumba hizo kwa kisanduku kinachopima na kumruhusu mwenye nyumba kuchagua anunue au auze. Ziada iliyokuwa inapotea mchana kwa sababu betri imejaa ikawa pesa, na jirani asiye na paneli akapata taa.

Kitu kimoja bado kinawasumbua hata wenye uzoefu. Balbu ya zamani ya waya wa moto ilikuwa na adabu: volteji ikishuka, inavuta ampea kidogo. Runinga ya leo, chaja ya simu na taa nyingi za LED hazifanyi hivyo. Runinga ya wati 60 inavuta ampea 1.25 kwenye volti 48, na volteji ikianguka hadi 40 inavuta 1.5, kwa sababu ndani yake mna konveta inayolinda wati zake. Njia kuu ikilegea, mizigo hii inaivuta zaidi, ikilegea zaidi wanavuta zaidi. Gridi iliyojaa mizigo ya namna hii, yenye nyaya ndefu na kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme kidogo kwa muda mfupi) ndogo, inaweza kuanza kuyumba, volteji ikipanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde mpaka konveta moja ijizime. Watu wanaona taa zinapepesa na kulaumu paneli. Mteremko unasaidia kutuliza myumbo huo, kapasita za kutosha kwenye njia kuu zinasaidia zaidi.

Na kabla ya kuwasha muunganisho wowote, angalia sakiti breka. Umeme wa AC hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche inayoruka breka inapofunguka inapata nafasi ya kufa. DC haipiti kwenye sifuri. Cheche ikishawaka kati ya vidole vya breka ya AC iliyofungwa kwenye njia ya volti 380 inaweza kuendelea kuwaka mpaka plastiki iyeyuke. Gridi zikiunganishwa hatari inaongezeka, kwa sababu hitilafu moja inalishwa kutoka pande zote: kuzima chanzo kimoja hakutoshi, cha jirani bado kinasukuma. Tafuta breka iliyoandikwa DC, yenye volti zinazozidi za njia yako, na kama ina alama za chanya na hasi zifuate, kisha weka moja kila upande wa konveta inayounganisha. Yule mzee na jirani yake tulizifunga mbili, kila mmoja ya kwake, na kila mmoja anajua ilipo gizani.